Rubani Aliyetubwaga Hakukosea

Mwezi wa Julai nilitoka Nairobi kwa ndege ya jioni, na tulipogusa ardhi ya Mombasa kwa kishindo, mama mmoja nyuma yangu alipiga ukelele, "Ya Rabbi!" Kabla mikanda haijafunguliwa kesi ilishahukumiwa. "Huyu walimtoa kwenye matatu ya Bamburi," akasema jamaa wa dirishani. Nikacheka na wenzangu, ingawa moyoni nilikuwa upande wa rubani.

Njia kuu ya kurukia na kutua ya Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa, imelala kaskazini-mashariki kwa kusini-magharibi. Kaskazi ikivuma, ndege huikabili uso kwa uso, raha mustarehe. Kusi ni mambo mengine: ikitokea kusini-mashariki hukupiga ubavuni.

Watu wa Mombasa hatuna udhuru wa kulishangaa hili. Pale Likoni, maji yakienda kasi, feri haiulengi ule ukingo wa pili moja kwa moja. Omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, hugeuzwa kuukabili mkondo, chombo kikaenda upandeupande, na bado kikafika palepale. Ndege nayo huelekeza pua kwenye upepo ikashuka kimshazari. Marubani huufananisha mwendo huo na wa kaa, nami naona hawakukosea.

Utamu uko kwenye sekunde za mwisho. Karibu na lami, rubani hukanyaga pedali ya upande usio na upepo ili pua inyooke na njia, huku mikono ikilizuia bawa la upande wa upepo lisiinuke. Akiwahi mno, upepo unamsukuma pembeni. Akichelewa, magurudumu yanaburutwa ubavu. Wengine hulilaza bawa hilo tangu mbali na kukanyaga pedali ya upande wa pili. Ndege ndogo huipenda mbinu hiyo, lakini jeti yenye injini chini ya mabawa haiwezi kulala sana, injini itasugua lami. Kwa hiyo wengi huchanganya zote mbili, kidogo huku, kidogo kule.

Na kishindo? Kile ndicho tulichopaswa kumshukuru. Magurudumu yakikita, matairi hushika lami na vibao vya juu ya mabawa huinuka kuua ile nguvu ya kuelea. Anayeelea akitafuta ulaini ili abiria wapige makofi anaupa upepo muda wa kumchezea.

Hata kughairi kutua si aibu. Tarehe 1 Machi 2008, Airbus A320 ya Lufthansa iligusa lami kwa ncha ya bawa mjini Hamburg katika dhoruba. Marubani wakapaa tena, wakazunguka, wakatua salama kwenye njia nyingine. Hakuna aliyeumia.

Mlangoni rubani alikuwa amesimama, shati limemganda mgongoni. "Ahsante, kapteni," nikamwambia. Akatabasamu: "Kusi leo imeamka vibaya."

Yule jamaa wa matatu alipita kimya, simu sikioni, akiulizia tuktuk.