Mahindi, mpaka na kadi zinazosahaulika

Warsha za wanaharakati wa Marekani kuhusu uhamiaji na biashara ya kimataifa mara nyingi huwa na zoezi hili: karatasi ndefu ya miaka inatundikwa ukutani, na vikundi vya watu wanne au watano vinabandika kadi za matukio. Kadi inayobeba uzito ni NAFTA, mkataba wa biashara huria wa Marekani, Kanada na Meksiko ulioanza 1 Januari 1994. Hoja inajijenga haraka: mahindi ya Marekani yenye ruzuku yakaingia Meksiko, bei ikaporomoka, mkulima mdogo wa Oaxaca, jimbo la kusini mwa Meksiko, akaacha shamba na kuvuka mpaka.

Hoja hiyo ina mashiko. Kinga ya ushuru kwa mahindi ya Meksiko ilikusudiwa kuondolewa polepole kwa miaka 15, lakini serikali ya Meksiko yenyewe iliruhusu mahindi kupita kiwango kilichowekwa bila kuyatoza. Mwaka 1999 ikalifunga Conasupo, shirika lililonunua mazao ya wakulima kwa bei ya uhakika. Bidhaa na mitaji vilifunguliwa njia, kibarua hakufunguliwa. Oktoba 1994 Marekani ilianza kukaza ulinzi upande wa San Diego, mji wake ulio mpakani, wavukaji wakasukumwa jangwani, na aliyezoea kwenda msimu na kurudi akaona heri abaki.

Tatizo ni kadi ambazo hazipo. Desemba 1994 thamani ya peso, sarafu ya Meksiko, ilianguka, mishahara ikayeyuka hata mijini kusikolimwa mahindi. Mavuno ya mahindi Meksiko hayakupungua baada ya mkataba, yaliongezeka, na sehemu kubwa ya mahindi yaliyoagizwa yalikuwa ya njano, ya mifugo, si meupe ya tortilla, chapati za mahindi za Kimeksiko. Tena ushuru uliisha kabisa mwaka 2008, na kati ya 2009 na 2014 Wameksiko waliorejea kwao walizidi walioingia Marekani. Anayesema mkataba pekee ulihamisha watu ana kazi ya kulieleza hilo. Mdororo wa uchumi Marekani na kupungua kwa uzazi Meksiko ni sehemu ya jibu.

Hata hivyo, wanaoutetea mkataba nao wasijifiche nyuma ya wastani wa taifa. Mahindi yaliyoongezeka yalitoka zaidi kwenye mashamba makubwa ya umwagiliaji ya Sinaloa, jimbo la kaskazini magharibi. Anayelima hekta mbili kwa kutegemea mvua aliuza kwa bei iliyoshuka, bila Conasupo. Kwangu mimi, hapo ndipo wanaharakati wana haki, na hapo ndipo wangepaswa kukaa muda mrefu zaidi.

Kwa mwezeshaji: gawa karatasi mistari mitatu, biashara, sheria za mpaka na fedha, ili kadi mbili zikikaribiana zisionekane moja imezaa nyingine. Kila kadi iandikwe ni serikali gani iliamua. Kwa warsha inayochukua saa tatu, kubandika kusizidi dakika 40. Zikizidi, mjadala unakufa. Na mkalimani wa Kihispania hatoshi: wafanyakazi wengi wa mashambani kutoka Oaxaca lugha yao ya kwanza ni Kimixteki, lugha ya wenyeji wa asili, kwa hiyo kadi ziwe na picha na zisomwe kwa sauti.