Piano ya Nini Kwenye Kifo cha Edgar?

Kile kipande cha kifo cha Edgar Stiles, kwenye msimu wa tano wa tamthilia ya Marekani "24", kimeanza kuzunguka tena kwenye simu za watu, na safari hii kuna fundi aliyeona kina upungufu. Amekiongezea piano. Edgar anatokea nyuma ya kioo, anamwita Chloe, mwenzake wa kazini, anaanguka, saa ya tarakimu za manjano inajitokeza, na piano inalia kama tangazo la bima ya mazishi. Huko chini watu wanaandika kwamba wamelia. Sawa, mmelia. Mmelizwa na piano, siyo na "24".

Mwenye kuujua msimu wa tano anajua kwamba mahali pale hapakuwa na sauti. Kila kipindi cha "24" ni saa moja ya siku moja, na karibu vyote vinafunga kwa ule mlio wa saa, kwa hiyo sikio lako limeshauzoea kiasi kwamba linausubiri bila wewe kujua. Ukinyimwa, unashtuka kabla hata akili haijaelewa nani amekufa. Ndiyo maana waliutumia ukimya kwa ubahili mkubwa: kwa mfano mwisho wa msimu wa kwanza kwa Teri, mke wa mhusika mkuu Jack Bauer, msimu wa tatu kwa Ryan Chappelle, bosi wa Jack kazini, kisha huyu Edgar. Sasa jiulize. David Palmer, rais mstaafu, nguzo ya tamthilia tangu siku ya kwanza, anapigwa risasi dirishani dakika za mwanzo kabisa za msimu huu, na hakupewa ukimya. Michelle Dessler, mmoja wa wahusika wakuu wa misimu iliyopita, analipuliwa na bomu la garini muda mfupi baadaye, naye hakupewa. Aliyepewa ni kijana mnene mwenye kithembe, wa idara ya kompyuta, aliyeshinda kwenye kiti akibishana na Chloe.

Na hakupewa kwa huruma. Aligharimiwa. Hapa ndipo ninapogombana na watu wanaosema msimu wa tano ni mzuri kwa sababu "wamekufa wengi". Misimu mingine nayo imeua, tena kwa fujo. Tofauti ni hesabu iliyofanyika kabla ya kifo.

Anza na kadi. Lynn McGill, yule bosi aliyeletwa kutoka juu kuja kuisimamia CTU, kitengo cha kupambana na ugaidi anakofanya kazi Edgar, anatoka kwenda kuonana na dada yake mwenye uraibu wa dawa. Anampa hela. Bwana wa dada, shemeji wa mchongo, anamvamia na kuondoka na pochi, na ndani ya pochi imo kadi ya kufungulia milango ya CTU. Ofisi yoyote yenye geti na mlinzi inajua cha kufanya: unaripoti, kadi inazimwa, unajaza fomu, unanuniwa siku mbili, yameisha. Lynn haripoti. Anaona aibu, maana akiripoti itabidi aseme habari za dada. Kwa saa kadhaa za tamthilia mtazamaji ndiye anayejua kwamba kadi iko nje na bado inafanya kazi. Wakati huohuo Lynn anazidi kuwa mkali kwa walio chini yake, anaona njama kila mahali, na kila akifoka unajua anachokificha. Wanamwondoa madarakani na kumweka chini ya ulinzi, na kadi bado iko nje.

Kadi inauzwa. Wanunuzi ni watu wa Bierko, gaidi wa msimu huu, na wauzaji wanalipwa risasi. Mtu mmoja anaingia CTU kwa kadi halali, na mtungi mmoja wa Sentox, gesi ya sumu. Lynn anapofungua mdomo, mtungi tayari uko kwenye mfumo wa hewa. Angalia mnyororo huo: hakuna mdukuzi wa ajabu wala helikopta. Ni aibu ya kifamilia na fomu ambayo haikujazwa.

Halafu vyumba. Milango inafungwa na kuzibwa, waliowahi ndani wamepona, wasiowahi basi. Edgar hayumo kwa sababu amekwenda kumtafuta mwenzake, Carrie, asijue kwamba Carrie ameshauawa. Anarudi amechelewa na kuwakuta wote wako upande wa pili wa kioo. Hagongi, hapigi kelele. Anaita "Chloe?" kwa sauti ya mtu anayeuliza faili liko wapi. Chloe, ambaye tangu amjue kazi yake ni kumsimanga, hana la kujibu, maana mlango ukifunguliwa wanakufa wote. Edgar anaanguka. Saa inahesabu kuelekea 7:00:00 bila mlio.

Wekea piano hapo basi.

Wala huyu wa piano siye wa kwanza. Wale tuliowazoea kwenye sidii za mtaani, watafsiri wanaozungumza juu ya picha, hawawezi kuvumilia sekunde tatu za kimya. Kimya kwao ni mshahara unaopotea. Edgar akianguka, mtafsiri anaeleza kwamba Edgar ameanguka. Saa ikitokea, anatusomea saa. Na akiisomea ile 7:00:00 kama "saa saba kamili" ndiyo tumekwisha kabisa, kwa sababu tukio ni la jioni, saa moja, na msimu ulianza saa moja asubuhi. Edgar anakufa katikati kabisa ya siku: saa 12 zimepita, 12 zimebaki. Waandishi hawakuliweka tukio hilo pale kwa bahati.

Ukitaka uthibitisho kwamba ukimya ule ulikuwa na sheria, tazama kipindi kinachofuata. Gesi inaanza kula mipira iliyoziba milango. Lazima mtu atoke akazime programu iliyofunga mfumo wa hewa, na chumba chenye njia ni kile alichofungiwa Lynn na mlinzi wake. Akitoka, hewa ya chumba inaharibika, kwa hiyo mlinzi naye anakufa ingawa hakukosea lolote. Mlinzi anapiga simu kumuaga binti yake. Deni la kadi linalipwa na aliyelikopa, pamoja na mtu ambaye hakukopa. Kipindi kinaisha na Tony Almeida, mwenzake Jack wa miaka mingi, akikata roho mikononi mwa Jack, na saa inalia kama kawaida. Mashabiki waliokuwa makini walilalamika kwamba Tony, mtu wa tangu msimu wa kwanza, amevunjiwa heshima. Mwaka 2009, msimu wa saba, Tony akarudi hai.

Nitakubali mengine, kwa shingo upande. Sayansi yake ni porojo. Wanaiita Sentox VX, lakini VX halisi, sumu ya kivita, ni kimiminika kizito kama mafuta ya injini, hakikimbii kuwa hewa. Ya kukimbia ni sarin, ile iliyotumika kwenye treni za Tokyo mwaka 1995. Mpango wa Rais Logan nao una mshono unaoonekana: mshauri wake Cummings anapomfunulia siri ya gesi, Logan anashtuka kwelikweli, na baadaye tunaambiwa alikuwa anajua. Alikuwa anamwigizia nani? Na Jack kumpiga risasi ya mguu mke wa Henderson, mmoja wa waliokula njama, ili mume aseme, hilo sina utetezi nalo. Novemba 2006 mkuu wa taaluma wa chuo cha kijeshi cha Marekani cha West Point alikwenda mwenyewe kuwaona watengenezaji kuwaomba wapunguze mateso, maana wanafunzi wake walikuwa wanaanza kuona ni njia ya kazi. Mzee alikuwa na haki.

Lakini Gregory Itzin kama Logan, na Jean Smart kama Martha, mke anayeambiwa ni mwendawazimu kwa sababu ameona ukweli kabla ya wengine, ni darasa. Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya 2006 ya tamthilia bora ilikwenda kwa msimu huu, na ya mwigizaji mkuu ikaenda kwa Kiefer Sutherland. Itzin na Smart waliishia kuteuliwa. Bado inaniuma.

Kwa ambaye hajautazama, ushauri wa kiufundi. Kila kipindi kina dakika kama 43, na zilizobaki kwenye saa zilikuwa za matangazo, kwa hiyo ukiona saa imeruka dakika nne katikati, faili lako halijakatwa. Usiruke kipindi hata kimoja kati ya cha tano na cha kumi na mbili. Ukikosa pochi ya Lynn, Edgar atakuwa mtu mnene tu aliyeanguka. Na ingia kwenye mipangilio uzime ile ya kurusha kipindi kinachofuata chenyewe. Hiyo ndiyo piano nyingine ya zama hizi: saa haijamaliza kuhesabu, tayari kuna kiboksi pembeni kinakuhimiza uendelee, na muhtasari unaanza kwa sauti ya juu juu ya maiti. Kabla ya kipindi cha kumi na mbili weka rimoti mbali. Saa ikitokea bila mlio utadhani spika zimeharibika. Hazijaharibika, usiguse.