Daraja la Mtwapa lilitutenga na wazazi wetu

Habari ilisema Kilifi na Kwale zimefunguliwa tangu Juni 7, 2020, ila sisi Mombasa tukaongezewa siku 30 za marufuku ya kutoka au kuingia kwa sababu ya korona. Jamani! Mimi nilikuwa Shanzu, upande wa Mombasa, mamangu Mtwapa, upande wa Kilifi, kati yetu ni daraja tu. Siku moja nikasimama kizuizini na dawa zake za presha na mahamri niliyomfungia, mfuko umelowa jasho mkononi, natazama malori ya mizigo yakipita moja baada ya jingine. Mimi nikarudishwa. Tangu Aprili nilikuwa sijamwona. Na wenzetu wa Mji wa Kale walizungushiwa vizuizi mwezi mzima, Idi ikawapitia humo humo. Korona ilikuwepo, sikatai, barakoa nilivaa. Lakini mtueleze: ng'ambo ile ya daraja ilipona kwa kipimo gani?