Mbwa anachechemea: tuamini jicho au bamba?

Mbwa akichechemea mguu wa mbele, kichwa ndicho kinachomchongea: hukiinua anapokanyaga mguu unaouma, hukiinamisha anapotua kwenye ule mzima. Daktari wa mifugo mzoefu huligundua hilo kwa kutazama tu. Kuna haja gani basi ya kumpitisha mbwa juu ya bamba lililofukiwa sakafuni, lipime nguvu ya kila mguu unapokanyaga?

Wanaouliza hivyo wana hoja. Bamba halisemi kama maumivu yako gotini au kwenye nyonga. Hilo hujulikana kwa mkono unaokikunja kiungo taratibu mpaka mbwa ashtuke. Halafu vifaa ni ghali, na mbwa apitishwe mara kadhaa kwa mwendo uleule, kwani akiharakisha tu, nguvu hubadilika. Akivuta kamba au akigeuka kumtazama bwana wake, mnaanza upya.

Ila jicho lina udhaifu ambao bamba halina: lina matumaini. Mwaka 2012 huko Marekani zilichapishwa taarifa za mbwa 58 wenye ugonjwa wa viungo, waliokuwa katika kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa. Mara nyingi wenye mbwa waliripoti nafuu ambayo bamba halikuiona. Hawakusema uongo. Ukishamlisha mbwa kidonge kila asubuhi, siku akiamka upesi unaikumbuka, siku akijikongoja unasema ni baridi. Kinachonikera zaidi ni kwamba madaktari nao, waliosomea kazi hiyo, waliiona nafuu hiyohiyo. Mtu akiridhika hivyo, dozi haibadilishwi, na mbwa anaendelea kuumia huku nyumbani wakishukuru.

Kwa hiyo mkono utafute panapouma, lakini swali la kama tiba imesaidia nisingemwachia mtu anayemhurumia mbwa, nikiwemo mimi. Apimwe kabla ya tiba, apimwe tena baadaye.

Namba zenyewe nazo zahitaji msomaji. Mbwa mzima akisimama hubeba takriban asilimia 60 ya uzito kwa miguu ya mbele. Nyonga zote mbili zikimuuma, huenda asichechemee upande wowote, bali ausukume mzigo mbele zaidi. Mbwa huyo, bamba likisomwa kwa kulinganisha kushoto na kulia peke yake, ataonekana mzima.