Gravitoni iliyokataa kufukuzwa

Mwulize mkosoaji nadharia ya nyuzi, ile inayosema chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetemeka, imethibitisha nini kwa zaidi ya nusu karne, atakujibu: hakuna. Hakosei. Wengi hukadiria kwamba uzi mmoja una urefu wa mita 10⁻³⁵ hivi, ilhali mtambo wa LHC wa kugonganisha chembe kule CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, wenye mzingo wa kilomita 27, huchungulia hadi kama mita 10⁻¹⁹ tu. Zile chembe za supasimetria, yaani wenza wa chembe tunazozijua, zilizongojewa kwa hamu hazijaonekana hata moja.

Ila wanaoiita hadithi ya kujitungia husahau ilivyozaliwa. Nyuzi hazikubuniwa kueleza mvutano, ile nguvu inayovuta vitu chini. Mwaka 1968 mwanafizikia Gabriele Veneziano alikuwa anashughulikia mgongano wa hadroni, ukoo wa protoni na pioni. Baadaye wanafizikia wenzake Nambu, Nielsen na Susskind, kila mtu kivyake, wakatambua kwamba hesabu yake ilikuwa inaeleza uzi unaotetemeka. Shida ikawa moja: katika mitetemo hiyo ilijitokeza chembe isiyo na tungamo, yenye spini (kipimo cha mzunguko wa ndani wa chembe) ya 2, na kwenye ukoo wa hadroni hapakuwa na chembe ya namna hiyo. Walijaribu kuiondoa, nayo ikarudi. Mwaka 1974 Scherk na Schwarz, na Yoneya huko Japani, wakasema iachwe: hizo ndizo sifa za gravitoni, chembe inayobeba mvutano.

Hapo ndipo mimi hukwama kila ninaposikia kejeli. Ukizichukua chembe kuwa nukta, kisha ukauingiza mvutano katika fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo mno, kwa njia ya kawaida, majibu hulipuka na kuwa namba zisizo na mwisho. Uzi una urefu, kwa hiyo mgongano hautokei mahali pamoja, na mlipuko huo hupoa. Milinganyo ya Einstein ya mvutano nayo hujitokeza yenyewe, bila mtu kuichomeka. Hilo si jaribio la maabara, nakubali. Lakini mtu aliyekuwa anatafuta protoni akakuta mvutano mlangoni, ana haki ya kushtuka.

Pingamizi linalonikera kweli ni jingine. Nadharia hii hudai vipimo sita vya ziada juu ya vile vinne tunavyovijua (vitatu vya nafasi na kimoja cha wakati), navyo vinaweza kukunjwa kwa namna nyingi mno. Makadirio maarufu ni 10⁵⁰⁰, kila mkunjo na ulimwengu wake. Nadharia inayoruhusu karibu kila kitu itakataa nini? Sijasikia jibu la kuridhisha. Watetezi huelekeza kidole kwa Strominger na Vafa, ambao mwaka 1996 walihesabu entropia ya shimo jeusi (kipimo cha idadi ya hali zake za ndani) na kupata kanuni ya Bekenstein na Hawking, isemayo kwamba entropia hiyo ni robo ya eneo la uso wake, pamoja na robo yenyewe. Kazi safi, ingawa shimo lenyewe lilikuwa la vipimo vitano, la aina isiyopatikana angani.

Kwa sasa, hadi vyombo vyetu vinapofika, elektroni bado ni nukta. Kutoka hapo hadi kwenye uzi kuna hatua 16 za kugawanya kwa kumi, na ugomvi wote unapiganiwa humo.