Alfalfa sugu: sugu dhidi ya nini?

Wauza mbegu huiita alfalfa, mmea wa kulisha mifugo, kuwa sugu. Mwaka 1857 mkulima Mjerumani, Wendelin Grimm, alihamia Minnesota, Marekani, akiwa na mbegu za alfalfa za kwao. Baridi ikawa inaua sehemu kubwa ya shamba kila mwaka. Yeye akavuna mbegu za mimea iliyosalimika, akapanda tena na tena, hadi akapata alfalfa isiyotishwa na barafu. Usugu wa namna hiyo haumfai mfugaji wa Nakuru. Aina zinazohimili baridi kali kwa kawaida huchipua polepole zikishakatwa, na yeye anataka inayokua mwaka mzima.

Huku kwetu kinachosifiwa ni kuhimili ukame, na sifa hiyo ni ya kweli. Mizizi ya alfalfa, au lusene kama wengine wanavyoiita, hushuka mita mbili na zaidi. Lakini mvua ikikatika kwa muda mrefu, mmea hujiokoa kwa kuacha kukua. Haufi, ila hauna cha kukata, na ng'ombe hali mzizi. Anayetaka majani Januari na Februari lazima amwagilie, na zao hili hunywa maji mengi. Saudi Arabia imezuia kilimo chake nyumbani ili kunusuru maji ya ardhini; kampuni yake ya maziwa, Almarai, ilinunua shamba Arizona mwaka 2014 ili kulima huko.

Hata hivyo siwalaumu wanaoipenda. Ikikatwa inapoanza kuchanua huwa na protini ghafi ya asilimia 18 hadi 20, wakati nyasi ya nepia mara nyingi haifiki hata 10. Hukatwa kila baada ya wiki tano au sita kwa miaka kadhaa, na bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Kwa bei ya sasa ya deri mili, chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, hesabu hiyo inavutia. Muhimu ni kuyanyausha majani na kuyachanganya na nyasi. Ng'ombe mwenye njaa akijazwa mabichi matupu atafura tumbo.

Kikwazo kikubwa zaidi kwangu ni udongo, ambao wauza mbegu huutaja kwa nadra. Alfalfa hutaka pH, yaani kipimo cha uchachu, ya karibu 6.5 au zaidi; ikishuka, uchachu umezidi. Kwenye ukanda wa chai, Kericho au Murang'a ya juu, udongo ni mchachu, na bakteria wa vinundu huzorota hata kama mbegu inaitwa sugu. Chokaa husaidia, lakini ni gharama ya kurudiwa. Huko ningepanda kaliandra, mti mdogo wa malisho: kilo 3 za majani yake mabichi hukaribia kilo 1 ya deri mili, na inastahimili uchachu kuliko alfalfa.

Kwa mwenye kisima na udongo usio mchachu, robo ekari inatosha kuanzia. Apime udongo kabla ya kununua mbegu, tena achague sehemu kwa makini, kwa sababu alfalfa iliyokaa shambani zaidi ya mwaka huacha kemikali zinazodumaza miche mipya ya alfalfa. Ikichoka, mahali pale hupandwa kwanza mahindi au nyasi.