Rufiji: Kabla ya kumwambia mtu ahame bondeni

Aprili 2024, picha za Rufiji na Kibiti, wilaya za mkoa wa Pwani, zilipoenea kwenye simu, mapaa yakichungulia juu ya maji na watu wakihamisha magodoro kwa mitumbwi, nchi nzima iliuliza swali moja: kwa nini watu hawa hawahami bondeni? Niliulizwa na jirani, nikalisikia kwenye redio, nikalisikia tena ndani ya daladala. Waliouliza wengi waliuliza kwa huruma, lakini ndani yake tayari mlikuwa na hukumu, kwamba Mrufiji ni mkaidi au hajui.

Msimu ule ulikuwa mzito kila mahali. El Niño ilianza kuonekana tangu vuli ya 2023. Desemba, matope ya mlima Hanang yaliuangukia mji wa Katesh. Aprili, kipande cha mlima kilifukia nyumba Itezi, Mbeya. Tarehe 25 mwezi huohuo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa, 236 wamejeruhiwa, na kaya zaidi ya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000 zimeathirika. Mei ilipoingia, kimbunga Hidaya kilipiga pwani, na barabara ya kusini ikakatika pale Somanga. Mvua ya namna ile ingeleta msiba hata kusingekuwa na bwawa wala mtu bondeni, na anayetafuta mkosaji mmoja wa msimu wote ule hatampata.

Rufiji, hata hivyo, ina kesi yake. Kabla ya masika yale, Bwawa la Julius Nyerere, la kuzalisha umeme kwenye mto Rufiji, lilikuwa linajazwa tangu Desemba 2022. Maji yalipozidi, milango ilifunguliwa, na vijiji vya chini, Muhoro na Chumbi vikiwemo, vikazama. Wananchi wakasema bwawa limetuzamisha. Serikali ikajibu kwamba mafuriko Rufiji si mageni, na kwamba bwawa limeyapunguza makali, maana bila hilo maji yote yangeshuka kwa mkupuo.

Hoja ya serikali ina uzito wake. Bonde la Rufiji linakusanya maji ya karibu sehemu moja katika kila tano ya eneo la nchi, kuanzia Usangu na Kilombero mpaka Luwegu kule Ruvuma. Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji yote ya mto. Mvua ikinyesha sana huko juu, Utete na Muhoro watazama hata kama kwao hakujadondoka tone. Ilitokea 1968, ikatokea 1974, ikatokea kwenye El Niño ya 1998, na wakati huo hakukuwa na ukuta wowote pale Stiegler's Gorge, korongo lilipojengwa bwawa. Umeme nao si jambo dogo. Mwanzoni mwa 2024 tulikuwa kwenye mgao, mafundi wa kuchomelea wamekaa chini ya miti wakisubiri, na mtambo wa kwanza wa bwawa lile ulipowaka Februari kila mmoja wetu alipumua. Megawati 2,115 kwa nchi hii ni jambo kubwa, wala simlaumu aliyelijenga.

Ninachogombana nacho ni ile hatua inayofuata, pale hoja hiyo inapogeuzwa kuwa: basi kosa ni la aliyekaa njia ya maji.

Mrufiji hakukaa njia ya maji kwa bahati mbaya. Amekaa pale kwa sababu ya maji. Masika analima mpunga, na mwaka wa maji makubwa mpunga huo huzama, anajua. Halafu maji yakianza kushuka, mwezi wa tano au wa sita, anayafuata. Ardhi ikijitokeza tu, ingali laini mguu unazama mpaka kwenye kifundo, anatoboa tundu kwa mti na kudondosha mahindi. Wiki inayofuata maji yamerudi nyuma hatua kadhaa, naye anasogea nayo. Kilimo hicho wenyewe wanakiita mlau. Hakitaki mvua wala mbolea ya dukani. Unyevu uko ardhini na mbolea ni tope lililokuja na mto. Mafuriko yaliyomnyang'anya mpunga ndiyo yanayomlipa mahindi, na hesabu hiyo imelisha bonde lile kwa vizazi.

Litazame dungu. Ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, sakafu yake juu ya kichwa cha mtu, ngazi yake fito mbili zenye vipandio vya kufunga kwa kamba. Juu kuna jiko la udongo, na mbegu za msimu ujao zimening'inia karibu na moshi ili zisiliwe na wadudu. Mgeni hudhani dungu ni la kufukuzia nguruwe na nyani tu. Kazi hiyo linaifanya kweli. Lakini anayekata nguzo anaamua urefu wake kwa kukumbuka maji ya mwaka gani yalifika wapi. Kumbukumbu ya mafuriko imejengwa ndani ya nyumba yenyewe. Huyo si mtu asiyejua mto.

Tena kuhamishwa si jambo jipya kwake. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwatoa watu bondeni kwa Operesheni Rufiji, ikawapeleka kwenye vijiji vya ujamaa sehemu zilizoinuka. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, maji ya bomba, na usalama. Huduma nyingine zilikuja kweli, na wapo waliozifurahia. Ila shamba lilibaki bondeni. Mtu alilala mlimani kwenye mchanga usiomea kitu cha maana, akatembea mwendo mrefu kwenda kwenye udongo wake, na mwisho akajenga dungu na kukaa huko msimu mzima, familia imegawanyika. Leo anayesema "wahamishwe" anaipendekeza tena dawa iliyokwisha kujaribiwa miaka zaidi ya hamsini iliyopita kwenye mwili uleule, bila kuuliza mgonjwa alikula nini baada ya hapo.

Linaloniumiza zaidi ni siku. Tunahesabu kaya, tunahesabu vifo, na ni lazima tuvihesabu. Hakuna anayehesabu maji yamekaa siku ngapi. Mto usio na ukuta hupanda na hushuka kwa mwendo ambao mkulima ameuzoea. Bwawa hubadilisha mwendo huo. Wanaolisimamia wanaweza kutoa maji kidogo kidogo kwa muda mrefu ili kilele kisiwe kirefu, na kwa aliyeko ofisini huo ni ushindi, maana kipimo kinaonyesha mafuriko yamepungua. Kwa mkulima wa mlau, maji mafupi yanayokaa sana yanaweza kuwa mabaya kuliko maji marefu yanayopita. Akichelewa kupanda, mahindi yatafika wakati wa kubeba na ardhi imekwisha kukauka. Jani litakuwepo, gunzi halitakuwa na kitu. Hasara hiyo itatokea miezi kadhaa baada ya waandishi kuondoka, na hakuna taarifa ya maafa itakayoiandika, kwa sababu siku hiyo hakutakuwa na maji ya kupiga picha.

Upo na upande wa pili wa jambo hilohilo, usiosemwa kabisa. Miaka ya kawaida bwawa litazuia mafuriko madogo, yale ambayo watu waliyataka. Tope litatuama nyuma ya ukuta. Mabwawa ya asili ya pembeni mwa mto, ambamo samaki huzaliana, hayatapata maji mapya kila mwaka. Mikoko ya delta, mto unapoingia baharini, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake Tanzania, inaishi kwa mchanganyiko wa maji chumvi na maji baridi, na kamba wanaovuliwa huko wanautegemea mchanganyiko huo. Mtu wa Nyamisati, huko delta, anaweza kupoteza riziki kwa kukosa mafuriko, kama mtu wa Muhoro alivyopoteza nyumba kwa kuyapata.

Kwa hiyo bwawa lilileta mafuriko au halikuleta? Bwawa lililojaa ni ndoo iliyojaa chini ya bomba: linaloingia ndilo linalotoka. Likiwa na nafasi, linapokea. Anayezalisha umeme anataka ndoo ijae muda wote. Anayezuia mafuriko anataka ibaki na nafasi kabla ya Machi. Matakwa haya mawili yanagongana kila mwaka, na kuamua kati yake ni uamuzi wa watu, wala si wa mvua. Hapo ndipo ninapoona Mrufiji ameonewa. Uamuzi unaogusa mpunga wake, mlau wake na kitanda chake unafanyika bila yeye kuwepo, halafu matokeo yakija anaulizwa kwa nini anaishi pale.

Sisemi kila mtu abaki alipo. Shule na zahanati zilizozama zijengwe palipoinuka, na anayetaka kiwanja cha juu apewe, kilichopimwa na chenye hati, bila kunyang'anywa shamba la chini. Tangu 2025 mitambo yote tisa imekamilika, na kanuni ya kuachia maji inaweza kuandikwa upya bila presha ya mgao. Iseme ni nafasi kiasi gani itaachwa bwawani kabla ya masika. Iseme maji yatashushwa lini ili ardhi ya mlau iwe wazi kwa wakati. Toka ukutani mpaka Muhoro mto una safari ya zaidi ya kilomita 100, na taarifa ikitangulia mbele ya maji, mtu anapata muda wa kushusha mbegu, kuzifunga vizuri na kuwapandisha watoto ngazi.